Kanuni ya Mwaka wa Kuingia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa apariteri katika chuo kimoja cha biashara pale Uvira. Apariteri, kwa ninyi vijana ambao hamkusoma Kongo, ni yule anayeandikisha wanafunzi, anayetunza mafaili yao, na anayebandika majina ubaoni walimu wakishamaliza kikao cha matokeo. Nilivaa kitenge kipya na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilifikiri kazi ya karatasi ni kazi ya kukaa. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa bado sijakaa.

Bosi wangu aliitwa Sekretere Akademiki, kwa maana ndiye aliyesimamia mambo yote ya masomo. Alikuwa mzee wa kabila la Wafuliiru, mwembamba, mwenye shati jeupe siku zote. Asubuhi ile alikuja kwangu mwanafunzi kuuliza kama mtu aliyeshindwa somo moja anaweza kupanda mwaka wa pili huku akiliburuza somo hilo. Nikamjibu kwamba nadhani anaweza. Akaondoka akifurahi. Sekretere alikuwa amesikia yote kupitia mlango ulio wazi. Aliniita, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Mama Wabiwa, hapa hatusemi 'nazani'. Huyu ataenda kuambia baba yake, na baba yake atapanga maisha ya nyumba muzima juu ya ile nazani yako. Kama haujui, fungua regleman, usome naye. Na kama unajua, fungua tu."

Regleman ni kitabu cha kanuni za masomo. Nilikichukua, nikamfuata yule mwanafunzi hadi barabarani, tukakifungua palepale. Ikaonekana hawezi kupanda, kwa sababu somo lenyewe ndilo lililobeba masomo mengine matatu ya mwaka wa pili. Alinuna, akaurudia mwaka, na miaka mitatu baadaye niliandika jina lake ubaoni kati ya waliomaliza.

Nilifanya kazi chini ya mzee yule miaka tisa. Kisha vita vikatutoa. Habari za vita sitazieleza hapa, kwa kuwa nimekaa kuandika habari za kazi, na wengi wenu mlipita njia hiyohiyo niliyopita mimi, kuvuka ziwa, kupita Tanzania, hadi kushushwa Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Nilikaa miaka mingi nikiuza mandazi na kufundisha Kifaransa kanisani. Mafaili niliyasahau. Nilidhani nayo yamenisahau.

Ndipo kikafunguliwa kituo cha masomo ya juu hapa kambini, kwa ushirika na chuo kimoja cha Lilongwe. Walileta Shahada ya Usimamizi wa Biashara. Masomo mengine yalifundishwa kwa kompyuta, mengine na walimu waliokuja kutoka mjini kila Ijumaa. Mkurugenzi wa Kituo, mama wa Kimalawi mwenye sauti ya chini na macho makali, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kati ya chuo na wanafunzi, anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kirundi kidogo. Alipoona kwenye barua yangu neno apariteri aliuliza ni nini. Nikamweleza. Akaniambia nianze Jumatatu, na cheo changu kitakuwa Mshauri wa Masomo.

Ilinibidi nijifunze kazi upya. Kwetu, mwaka wa masomo ulikuwa kama kapu moja: ukiangusha, umeangusha yote, unarudia mwaka. Mfumo wa Malawi ni matofali. Kila somo lina krediti zake, yaani uzito wake kulingana na saa zake za kufundishwa na kujisomea, nawe unapanga tofali juu ya tofali hadi nyumba itimie. Ukishindwa somo, unarudia somo hilo tu. Lakini matofali hayapangwi ovyo. Yako masomo ya msingi, ambayo kila mwanafunzi wa biashara lazima ayapite: uchumi, takwimu, sheria ya biashara, masoko, usimamizi wa watu. Yako masomo ya hiari. Na baadhi ya masomo yana sharti la awali, maana yake huwezi kuingia darasa la pili kabla hujafaulu la kwanza.

Neno hiari lilitutesa. Papa Mmunga, mchungaji kutoka Fizi aliyekuwa na zaidi ya miaka hamsini, alifika mwaka wa tatu bila somo hata moja la hiari. Nilipomwita akasema kwa utulivu kwamba hiari ni hiari, na yeye hakutaka. Nilifungua kitabu, tukasoma pamoja kwamba mtu ana hiari ya kuchagua lipi, bali hana hiari ya kuacha yote. Alicheka hadi akafuta machozi, akaniambia hata mahubiri yake ya sadaka ya hiari atayatazama tena. Muhula uliofuata alibeba mawili pamoja na mengine yote, na akayapita.

Katika kundi lile la kwanza walibaki wanafunzi kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Godeliva, Mrundi, fundi wa kushona, mama wa watoto watatu. Alikuwa na banda karibu na soko, na wanawake wengine wanne walishona humo chini yake. Muhula wa kwanza alijiandikisha masomo matano kama vijana wasio na watoto, na wastani wake ukaanguka chini ya kiwango. Chuo kikampa onyo la kitaaluma. Hilo si kufukuzwa, ingawa wanafunzi wengi hulipokea hivyo: ni kuambiwa kwamba una muhula mmoja wa kupandisha wastani, la sivyo utasimamishwa. Godeliva alikuja na barua ile ameikunja mara nne. Alitaka kuaga.

Nilimwonyesha ukurasa unaosema kwamba aliye katika onyo anaruhusiwa kupunguza mzigo hadi masomo matatu. Hakujua, na hakuna aliyemwambia. Tulichagua matatu, la takwimu likiwa mojawapo, maana bila hilo asingeruhusiwa kuingia masomo ya mbele. Alisoma akiwa kwenye mashini, kitabu kimeegemezwa kwenye bobini ya uzi. Mwisho wa muhula onyo likaondolewa, na tangu hapo hakurudi tena chini ya mstari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka wa mwisho, kabla ya mahafali, ofisi ya Msajili wa chuo hufanya ukaguzi wa shahada. Wanachukua faili la kila mwanafunzi na kulinganisha alichosoma na kinachotakiwa, krediti kwa krediti. Nilikuwa nimekwisha kuyakagua mafaili yetu mara mbili, nikayapeleka Lilongwe nikiwa na amani. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Hakuna hata mmoja katika wale kumi na mmoja aliyeruhusiwa kumaliza. Sababu ilikuwa moja kwa wote: mafunzo kazini, yale tunayoita staji, ambayo Wamalawi huita atachimenti. Tulikuwa tumepanga wayafanye katika biashara za hapa kambini. Msajili aliandika kwamba kanuni inataka wiki kumi katika kampuni iliyosajiliwa, iliyoko mjini.

Wasiojua Dzaleka watauliza kwa nini wasiende tu mjini. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hutolewa kwa siku chache. Wiki kumi Lilongwe lilikuwa jambo lisilowezekana kwa mtu yeyote kati yao. Barua ile, kwa maneno ya adabu kabisa, ilikuwa inasema kwamba miaka minne imeishia hapo.

Habari ilienea kambini kabla sijamaliza kuisoma barua mara ya pili. Papa Mmunga alikuja, akaichukua barua akaisoma mwenyewe. Godeliva alisimama mlangoni.

"Mama, mi sina hasira," akasema. "Uniambie tu kama niendelee kungoja, ao niache. Batoto bananiuliza siku ya sherehe, na sijue nibajibu nini."

Neno nadhani lilinijia ulimini. Nililimeza. Nikamwambia anipe siku mbili nisome.

Nilisoma kitabu cha kanuni kutoka jalada hadi jalada. Maneno ya Msajili yalikuwemo kweli: kampuni iliyosajiliwa, iliyoko mjini. Lakini mbele kabisa, ukurasa ambao watu huuruka, kulikuwa na kanuni fupi: mwanafunzi ataongozwa na masharti ya shahada yaliyokuwepo mwaka alioingia chuoni, isipokuwa akichagua mwenyewe mapya. Nikatazama jalada. Toleo lile lilikuwa limetoka wakati wanafunzi wetu wako mwaka wa tatu. Nikaenda kabatini, nikatoa vitabu tulivyopewa siku ya kufungua kituo. Mchwa walikuwa wamekula pembe za viwili. Cha tatu kilikuwa kizima. Humo, sharti la staji lilisema hivi: wiki kumi katika shughuli ya biashara inayoendeshwa kila siku, chini ya msimamizi mwenye sifa.

Hapakuwa na neno kampuni. Hapakuwa na neno mji.

Nilipompelekea Mkurugenzi, alisoma kurasa zote mbili, akavua miwani. Alikuwa mwanamke wa haki, lakini alikuwa pia na kituo cha kulinda. Aliniambia kwamba ushirika wetu na chuo ulikuwa unakaribia kutazamwa upya, na kwamba Msajili si mtu aliyezoea kusahihishwa. Tukimkosea, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza watapoteza. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi nisiaminiwe, kitabu kiaminiwe. Akaniandikia barua ya kuombea kibali. Nilipewa siku tatu.

Nilitoka kambini kwa kabaza, nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli na mfuko wa vitabu mapajani, hadi barabara ya lami. Lilongwe nililala mtaa wa Nsungwi, kwa familia ya kanisa letu. Asubuhi ya pili nikaingia mbele ya Kamati ya Kanuni za Masomo. Walikuwa watano, wakiongozwa na Msajili, bwana mnene wa makamo mwenye tai iliyofungwa vizuri. Kulia kwake alikaa Mkuu wa Kitivo cha Biashara, yaani yule anayesimamia walimu na masomo yote ya biashara chuoni. Nilisalimia kwa Chichewa changu kidogo, wakatabasamu, wakanipa kiti cha mbali.

Msajili alieleza msimamo wake bila ukali. Chuo kinataka wahitimu waliowahi kuona ofisi ya kweli. Alisoma kanuni kwa sauti. Alipomaliza nikaomba ruhusa ya kusogeza kiti. Nikakaa ubavuni pake, nikafungua toleo jipya kwenye ule ukurasa wa mbele, nikamwomba tusome pamoja. Tukasoma. Kisha nikafungua toleo la zamani, nikaweka kidole kwenye sharti la staji. Tukasoma tena. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mashini ya Godeliva akishona sare wiki ya kufungua shule.

Alirudi kwenye ule ukurasa wa mbele, akausoma tena mwenyewe. Nilijiandaa kwa hasira yake.

"Hii kanuni ya mwaka wa kuingia niliiandika mimi," akasema mwishowe. "Nilikuwa karani kijana. Nilitaka chuo kisiweze kumbadilishia mwanafunzi njia akiwa katikati ya safari."

Akageuka kwa wenzake, akasema barua yake ilikuwa na kosa na itaondolewa. Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Wanaoweza kusema maneno hayo mbele ya wenzao ni wachache, na ndiyo maana ninamtaja kwa heshima hadi leo.

Lakini Mkuu wa Kitivo hakuwa amemaliza. Alisema maneno ya toleo la zamani ni mapana, na yeye hatatia saini kitu asichokiona. Ni biashara gani hiyo iliyoko kambini? Nani anaisimamia? Akaweka masharti: wasimamizi wawe walimu wa kituo wenye shahada, wiki kumi zianze mara moja, na mwishoni yeye na Msajili watakuja Dzaleka kumhoji kila mwanafunzi mahali pake pa kazi. Atakayeshindwa hatamaliza. Nikakubali kwa niaba ya watu kumi na mmoja. Njiani kurudi nikajiuliza kama nilikuwa na haki hiyo.

Wiki zile kumi kambi ilifanya kazi kama chuo. Mmoja wa wanafunzi alikaa kwenye kinu cha kusaga mahindi, mwingine kwenye duka la simu, Papa Mmunga katika ushirika wa wafuga kuku. Kila wiki waliandika ripoti, na msimamizi akatia saini. Kwa Godeliva tuligongana na swali: mtu anaweza kufanya staji katika biashara yake mwenyewe? Tulisoma. Kitabu hakikukataza, mradi msimamizi awe mtu mwingine. Mwalimu wa masoko akachukua kazi hiyo.

Siku mbili kabla ya ugeni Godeliva alinifuata akasema anataka kujitoa. Aliogopa wakubwa wa mjini watacheka banda lake la maturubai na mashini zake za kukanyaga, na kwamba aibu yake itawaharibia wenzake kumi. Nilimwambia, "Binti yangu, hawaji kuuliza banda limejengwa na nini. Watauliza unajua nini. Na we unajua." Alirudi kazini. Nilimwona ananyoosha vitambaa vilivyokuwa tayari vimenyooka.

Walikuja asubuhi na gari la chuo. Kwa bahati, au kwa ubaya kama nilivyofikiri wakati ule, jina la Godeliva lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mkuu wa Kitivo aliinama kupita mlangoni, akakaa kwenye benchi la wateja, akatazama ukutani ambako sare za shule zilining'inia. Hakufungua ripoti. Aliuliza swali moja: shule zikikaribia kufunguliwa, unajuaje ukate sare ngapi?

Godeliva alijibu kwa Kiingereza cha polepole, baadaye akaongeza kasi. Alisema Jumapili mbili mfululizo huzunguka makanisa matatu wazazi wakiwa wanatoka ibadani, anauliza watoto wangapi wanaingia darasa la kwanza na wangapi wamerefuka. Anakata nusu ya hesabu hiyo tu. Nusu nyingine kitambaa kinabaki kizima, kwa sababu hapa kambini familia inaweza kuhamishwa kwenda nchi nyingine kabla shule haijafunguliwa, na sare iliyokatwa kwa mtoto aliyeondoka haimfai mtoto mwingine, ila kitambaa kizima kinamfaa yeyote. Wiki ya mwisho, alisema, mafundi wawili wanakata tu na watatu wanashona tu, ili nusu ile ya pili iishe kwa siku nne.

Mkuu wa Kitivo aliuliza maswali mengine matano au sita. Kila moja lilipata jibu. Mwishowe akafunga kalamu yake.

"Nimefundisha somo la kukadiria mahitaji ya soko kwa miaka mingi," alimwambia Msajili mbele yetu sote. "Mfano huu nitauchukua darasani, kama mwenyewe ataniruhusu."

Godeliva alimwambia zikomo, yaani asante, akarudi kwenye mashini yake, akaanza kushona bila kuona anashona nini. Siku ile walihojiwa wote kumi na mmoja. Wote walipita. Papa Mmunga aliwaeleza wageni habari za kuku kwa muda mrefu hadi Msajili akamwomba kwa upole amalize.

Siku ya mahafali tulipewa kibali cha pamoja na basi. Wanafunzi walivaa majoho, na yale ya wanawake Godeliva aliyafupisha kwa mkono ndani ya basi, maana yalikuwa yanaburuta. Jina lake liliposomwa, watoto wake watatu walisimama juu ya viti. Sikuwazuia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama. Wanawake wa Kirundi walipiga vigelegele, Wamalawi wakawafuata bila kujua ni nani anayeshangiliwa, na ukumbi ukachelewa kutulia. Kisha tulikula nsima, ugali wa Malawi, na kuku pamoja na walimu, meza moja.

Baada ya hapo Msajili aliniombea kibali cha kazi, nikafanya miaka yangu ya mwisho katika ofisi yake Lilongwe, nikiishi Nsungwi siku za kazi na kurudi Dzaleka Jumamosi. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukaa naye kuandika upya sharti la staji. Tulibishana siku nzima juu ya maneno machache. Leo linasema: katika biashara inayoendeshwa kila siku, mahali popote inapoendeshwa kwa halali, kambi za wakimbizi zikiwemo. Maneno hayo manne ya mwisho aliyaongeza yeye kwa mkono wake, mimi nilikuwa nimesita kuyadai.

Nimestaafu sasa. Ninaishi Dzaleka, magoti yanauma, na watu bado wananiita Mama wa Krediti. Vijana huja wakiniuliza njia ya kufaulu, nami sina njia nyingine ila hii: kisome kitabu cha chuo chako siku unayopewa, uandike mwaka juu yake, ukitunze. Usiogope mkubwa anayekinukuu. Mwombe akifungue. Wengi niliowaona wakianguka hawakuangushwa na masomo, waliangushwa na ukurasa ambao hawakuwahi kuufungua. Na ninyi mtakaokaa upande wa pili wa meza, kwenye ofisi, kumbukeni kwamba aliye mbele yenu hakuja kuona uso wenu. Amekuja kujua kama aendelee kungoja au aache.

Mwezi uliopita nilipita sokoni, nikakuta wasichana wawili wa Kimalawi wamesimama nje ya karakana ya Godeliva, ambayo siku hizi ina paa la mabati na mafundi tisa. Walikuwa wanafunzi wa biashara kutoka Lilongwe. Mmoja amekulia mtaa wa Mtandire, mwingine mtaa wa mbali zaidi. Chuo kiliwatuma kufanya staji Dzaleka, na walikuwa wanauliza ofisi ya kampuni iko wapi. Godeliva aliwakaribisha ndani, akawapa viti, akachukua fomu zao. Mwisho wa fomu pana mstari mmoja: msimamizi mwenye sifa. Aliandika jina lake, akaandika na shahada yake mbele ya jina, kisha akawaambia kazi inaanza saa moja na nusu.